Kutengeneza OS yako mwenyewe toka zero: maswali yanayoulizwa kila siku

Nimeamua kuyaweka sehemu moja maana swali lilelile nalijibu mara nne kwa wiki, na kuna siku najibu nikiwa nimechoka mtu anaondoka na nusu jibu. OS ni mfumo endeshi, kama Windows. Naongelea mashine za x86, hizi laptopu na desktopu za kawaida zenye Intel au AMD. Wenye Raspberry Pi baadhi ya mambo yatawafaa, mengine hapana.

OS yenyewe ni ipi, ile ya kuchukua Ubuntu unabadilisha logo na wallpaper?

Hapana mkuu. Ile ni distro, na sio dhambi, ina kazi yake, ila kerneli, yaani moyo wa mfumo, ni ya Linux na pale kazi ngumu walishaifanya wengine. Hapa tunaanza na diski tupu. Ukiwasha mashine hakuna faili, hakuna printf ya kuandika, hakuna malloc ya kuomba kumbukumbu, hata herufi A ikitaka kutokea kwenye skrini lazima wewe ndo uiweke pale.

Hivi kweli mtu mmoja anaweza?

Anaweza na wameshafanya. Ken Thompson mwaka 1969 pale Bell Labs aliandika Unix ya kwanza kwenye PDP-7, mashine ambayo hata wakati ule ilikuwa imeshachakaa, na mwenyewe huwa anasimulia kwamba mke wake aliposafiri na mtoto kwenda California alipata wiki tatu, wiki moja kwa kila kipande kilichokuwa kimebaki. Watu wanaipenda sana hiyo stori ya wiki tatu afu wanasahau kwamba kabla ya hapo jamaa alikuwa ameshakaa kwenye mradi wa Multics, OS kubwa iliyotangulia, na alikuwa ameshamaliza mfumo wa mafaili. Linus Torvalds tarehe 25 Agosti 1991 alitangaza kerneli yake akiwa mwanafunzi Helsinki, akasema ni hobi tu, haitakuwa kitu kikubwa. Toleo la 0.01 lilikuwa kama mistari 10,000. Terry Davis alikaa zaidi ya miaka 10 peke yake na TempleOS, skrini ya 640 kwa 480 na rangi 16, hadi kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, aliandika mwenyewe. Andreas Kling akaanza SerenityOS mwaka 2018, nayo baadae ikavuta watu wengi.

Kwa hiyo swali la kuweza limeisha. Swali linalobaki ni kama utavumilia, maana miezi ya kwanza utakuwa unaangalia skrini nyeusi.

Nahitaji kompyuta kali?

Hapana. Laptopu yoyote inayoendesha Linux vizuri inatosha, hata yenye RAM 4 GB. Kazi nzito pekee ni siku ya kutengeneza kroskompaila (kompaila inayotengeneza kodi ya OS yako badala ya Linux), mashine ya zamani inaweza kusaga kwa saa nzima au zaidi, kwa hiyo chomeka chaji na uombe umeme usikatike. Bando utalihitaji siku ya kushusha vitu tu, baada ya hapo unaweza kufanya kazi miezi bila intaneti, na ndo maana mimi naipenda hii hobi kuliko kutengeneza tovuti ambapo kila kitu kinataka kushusha maktaba 400 ili kuonyesha kitufe.

Kama una laptopu nyingine mbovumbovu, skrini imepasuka, kibodi nusu, usiuze. Itakuja kuwa mashine yako ya kutesti.

Lugha gani?

C na asembli (lugha ya maelekezo ya prosesa yenyewe) kidogo. Rust pia inawezekana, OS inayoitwa Redox imeandikwa kwa Rust toka 2015 na ipo. Ila asembli huikwepi, kuna vitu kama kupakia GDT (jedwali la prosesa la sehemu za kumbukumbu) au kubadilisha rejista, vile vihifadhi vidogo ndani ya prosesa, za tasiki (kazi inayoendeshwa) moja kwenda nyingine huwezi kuvisema kwa C. Python na Java sahau, zenyewe zinahitaji OS chini yake ndo ziishi, na wewe ndo unaitengeneza hiyo.

Mbona nikitumia gcc ya kwenye Ubuntu inakubali tu, kroskompaila ya nini?

Inakubali leo. Ile gcc inaamini unaandika programu ya Linux, kwa hiyo inachomeka vitu vyake kimyakimya, na siku itakayokukuta utatafuta kosa kwenye kodi yako wakati halipo. Tengeneza i686-elf-gcc au x86_64-elf-gcc, tumia -ffreestanding na -nostdlib, kuiambia hakuna OS wala maktaba za kawaida. Na kama uko biti 64 weka -mno-red-zone, usiniulize kwa nini kabla hujaweka. Haya nitasema: kompaila inajiruhusu kutumia baiti 128 chini ya pointa ya steki bila kuzitangaza, intarapti (ishara ya kumkatisha prosesa kazi) ikiingia katikati inaandika juu ya hizo baiti, na funksheni yako ambayo haina kosa lolote inarudi na jibu la ajabu mara moja katika mara elfu. Bagi ya namna hiyo inamfanya mtu aache kompyuta akalime.

Nikibonyeza pawa kinatokea nini hasa?

Kwa BIOS ya zamani, programu ya kuwashia iliyoko kwenye ubao mama: mashine inajikagua, inatafuta diski, inasoma sekta ya kwanza yenye baiti 512, inaangalia baiti mbili za mwisho kama ni 55 na AA, zikiwa zenyewe inaiweka hiyo sekta kwenye anwani 0x7C00 na kurukia hapo. Basi. Haikuulizi kitu kingine. Uko kwenye hali ya biti 16 kama mwaka 1981, unaona MB 1 tu ya kumbukumbu, na kwenye hizo baiti 512 ndo unatakiwa usome kerneli yako kutoka diski, ufungue laini ya A20 (inayokuzuia kuvuka MB 1), uweke GDT, uhamie biti 32 na baadae 64.

Kwa UEFI, mrithi wa BIOS, ni tofauti kabisa, inaelewa mfumo wa mafaili wa FAT, inatafuta faili la EFI/BOOT/BOOTX64.EFI na kuliendesha ukiwa tayari kwenye biti 64. Kistaarabu zaidi ila kurasa za maelezo ni maelfu.

Kwa hiyo niandike butiloda yangu, hiyo kodi ya kupakia kerneli?

Andika moja ndogo ya kuprinti jina lako, ufurahi, upige picha, uiweke pembeni. Afu tumia butiloda zilizo tayari, GRUB au Limine. Nimeona watu wengi wanakaa miezi sita kwenye butiloda na kerneli hawajaigusa, wakifika kwenye kerneli hamu imeisha.

Kitu cha kwanza kabisa kuandika kwenye kerneli ni nini?

Mdomo. Yaani njia ya kerneli kuongea ikiwa inakufa.

Wengi wanaanza na skrini, wanaandika kwenye 0xB8000, ile skrini ya maandishi ya safu 25 zenye herufi 80, kila herufi baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi. Ni tamu, unaona matokeo papo hapo. Lakini skrini ina shida moja, mashine ikijiristati maandishi yanapotea nayo. Seriali, poti ya kutuma maandishi kwa waya, haipotei. Unaandika baiti kwenye poti 0x3F8, unaendesha QEMU (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) na -serial stdio, na kila neno linatokea kwenye teminali yako, unaweza kulihifadhi, ku-grep, kulinganisha na la jana. Draiva ya seriali ni mistari kama 30 hivi. Iandike kabla ya GDT, kabla ya kitu chochote, na kila hatua kubwa iseme: nimeanza, nimeweka IDT (jedwali la wahudumu wa makosa na intarapti), nimewasha peji (vipande vya kumbukumbu). Ukiona "nimeweka IDT" afu kimya unajua pa kwenda kutafuta. Mimi kipimo changu cha kama mtu atafika mbali ni hiki tu, kerneli yake inaongea au haiongei.

Kwa nini OS yangu inajiristati yenyewe kila baada ya sekunde moja?

Hili ndo swali namba moja duniani. Inaitwa tripo folti na inakwenda hivi: kodi yako imefanya kosa, sema imegusa peji ambayo haipo. Prosesa inaenda kwenye IDT kumtafuta mhudumu wa kosa namba 14. Mhudumu hayupo, au yupo ila naye steki yake mbovu, hilo ni kosa juu ya kosa, linakuwa dabo folti, namba 8. Prosesa inamtafuta mhudumu wa namba 8. Naye hayupo. Hapo prosesa haina tena pa kwenda, inazima na ubao mama unairistati. Ni kama umeungua ukakimbilia hospitali ukakuta imefungwa, ukaenda zahanati nayo imefungwa, unarudi nyumbani kuanza siku upya.

Namna ya kumkamata. Endesha QEMU na -d int -no-reboot -no-shutdown. Itaacha kuristati na itamwaga logi ya kila intarapti. Usiwashe KVM (inayotumia prosesa halisi badala ya kuigiza) siku hiyo, ukiwasha logi haiji. Angalia kosa la KWANZA, sio la mwisho, watu wanasoma ile namba 8 ya chini na kuanza kuhangaika nayo wakati hiyo ni matokeo tu. Tafuta v=0e au v=0d, ndo kosa namba 14 na 13 kwa heksadesimali. Ikiwa 0e angalia CR2, hapo pana anwani iliyoguswa. CR2 ikiwa sifuri au kanamba kadogo ni pointa tupu. Ikiwa anwani ya ajabuajabu pengine steki imeharibika. Kodi ya kosa nayo inaongea, 0002 maana yake peji haikuwepo, ulikuwa unaandika, na ulikuwa ndani ya kerneli. Afu chukua ile pc, anwani ya kodi iliyokuwa inakimbia, ipeleke kwa addr2line pamoja na faili lako la kerneli, itakutajia mstari wenyewe. Dakika tano umemaliza kitu ambacho ungekesha nacho.

Sasa nikupe la kwangu. Niliweka IDT vizuri, wahudumu wote 32 wapo, nikawasha intarapti kwa amri ya sti, papo hapo napata dabo folti. Siku tisa. Nilibadilisha steki, nikabadilisha GDT, nikaandika upya IDT mara mbili. Kumbe haikuwa dabo folti kabisa! Ile chipu ya zamani ya intarapti, PIC, BIOS inaiacha ikituma saa ya mashine kama namba 8, na namba 8 ndo dabo folti ya prosesa. Yaani saa ilikuwa inagonga mlango, mimi nafungua nikijua ni msiba. Dawa ni kuihamisha PIC ianzie 32 kabla ya sti. Ningejua kusoma ile logi ningeona kwamba hakuna kosa lolote lililotangulia, namba 8 imekuja peke yake, na dabo folti haiji peke yake.

Kibodi inasoma herufi moja tu afu inanyamaza.

Hujatuma 0x20 kwa PIC kuiambia umemaliza, au hujasoma poti 0x60. Moja kati ya hizo, mara nyingi ni ya kwanza.

Kumbukumbu naigawaje, naona naweza kuandika popote tu?

Unaweza kuandika popote na ndo hatari yenyewe. Kwanza uliza BIOS au butiloda ramani ya kumbukumbu, usidhani RAM ni kipande kimoja toka sifuri mpaka mwisho, ina matundu, kuna sehemu za ACPI (taarifa za mashine na umeme wake), kuna sehemu ni vifaa na sio RAM. Pili andika mgawaji wa peji, peji moja ni baiti 4096, bitimapu inatosha kabisa kwa kuanzia, biti 1 imechukuliwa biti 0 ipo huru. Tatu ndo unawasha peji zenyewe, na hapa wengi wanakufa kwa sababu moja: wanasahau kwamba mstari unaofuata baada ya kuwasha nao lazima uwe umepangwa kwenye zile jedwali. Ni sawa na kubadilisha namba za nyumba mtaa mzima wakati mwenyewe uko njiani unarudi, ukifika nyumba yako haimo kwenye daftari la mjumbe.

Ushauri wa kutesti: kila peji inayorudishwa ijaze 0xCC au namba yoyote ya kipuuzi. Mtu akiitumia baada ya kuirudisha utaona takataka mapema badala ya data inayofanana na ya kweli. Na peji ya anwani sifuri usiipange kabisa, pointa tupu ikiguswa ilie palepale.

Tasiki mbili zinafanya kazi, nikiweka tatu inakrashi baada ya dakika kadhaa. Mkuu nimechanganyikiwa.

Karibu chama. Hadi tasiki moja, bagi zako zilikuwa zinarudi kila ukibuti, sehemu ileile. Kuanzia hapa zinategemea saa imegonga wakati gani. Kitu cha kwanza kagua kama unahifadhi rejista zote wakati wa kubadilisha tasiki. Cha pili, kila data inayoguswa na tasiki mbili, au na tasiki na intarapti, ina kufuli? Mgawaji wa kumbukumbu ndo mshtakiwa wa kwanza siku zote.

Afu zidisha kasi ya saa. PIT, chipu ya saa, inatembea kwa 1193182 Hz na wewe unachagua uigawe kwa ngapi, kama ulikuwa unagonga mara 100 kwa sekunde weka 5000. Kosa lililokuwa linakuja baada ya dakika kumi litaanza kuja ndani ya sekunde kadhaa. Huponi ila unaliona.

Na usiseme "ilitokea mara moja tu, nimeristati imepona". Pathfinder ya NASA ilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, ikaanza kujiristati yenyewe huko juu. Tasiki ya chini ya hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli ambalo tasiki ya juu inalihitaji, zikaingia tasiki za kati zikala muda wote, ya chini haimalizi ili iachie, ya juu inasubiri, mlinzi wa mfumo anaona kazi haijafanyika anaristati kila kitu. Wenyewe walikuja kusema ile hali ilijitokeza kwenye majaribio hapa duniani kabla ya kuruka, ila waliposaka haikurudi. Walipona kwa sababu walikuwa wameacha zana za kufuatilia makosa ndani ya mfumo, wakaweza kuirudia kwenye mashine yao, wakawasha swichi ya kurithisha kipaumbele kutoka huku duniani. Nao pia, unaona, mfumo wao ulikuwa unaongea.

QEMU inafanya kazi safi, nikiweka kwenye laptopu halisi skrini nyeusi. Kwa nini?

QEMU ni mama mlezi, anakufichia makosa. Nitataja yaliyonikuta au niliyoyaona kwa wengine.

RAM ya QEMU inaanza na sifuri tupu. Mashine halisi ina takataka. Kwa hiyo vigeu vyako vya bss (visivyopewa thamani mwanzoni) ulivyosahau kuvisafisha, kama hutumii butiloda inayosoma faili la programu la aina ya ELF na kuvisafisha yenyewe, kwenye QEMU ni sifuri na kwenye laptopu ni chochote kile. Hii inaua wengi kuliko zote.

Ulidhani diski ni 0x80 siku zote. BIOS inakupa namba ya diski kwenye rejista ya DL, ihifadhi. Ulidhani rejista ya CS ni sifuri. Kuna BIOS zinarukia 07C0:0000 badala ya 0000:7C00, sehemu ileile ila hesabu zako zinaharibika. Ulidhani A20 iko wazi, maana QEMU inakufungulia. Na kuna BIOS ukibuti kwa fleshi zinaandika juu ya baiti za mwanzoni mwa sekta yako, zikidhani pale pana jedwali la FAT, kwa hiyo ruka hiyo nafasi na uiache wazi.

Diski: QEMU ulikuwa unatumia IDE, njia ya zamani ya kuongea na diski, laptopu ina njia mpya, AHCI au NVMe, ni draiva nyingine kabisa. Kibodi ya USB inaweza kufanya kazi mwanzoni kwa sababu BIOS inaigiza ya PS/2, ukigusa kontrola ya USB uigizaji unakufa. Laptopu nyingi mpya hazina BIOS ya zamani kabisa, UEFI tu, kwa hiyo 0xB8000 haipo, unapewa fremubafa, kumbukumbu ya nukta za skrini, uchore herufi mwenyewe. Secure Boot, inayokataa kubuti kodi isiyosainiwa, zima kwenye mipangilio. Na poti ya seriali laptopu hazina, ndo maana mdomo wa pili lazima uwe skrini. Mdomo wa tatu ni taa ya Caps Lock, usicheke, nimeshakamata bagi kwa kuhesabu taa imewaka mara ngapi.

Nunua desktopu ya ofisi iliyochoka, zile za mitumba, nyingi zina seriali nyuma. Kwa kazi hii inashinda laptopu mpya.

Kuna hatari ya kuharibu kompyuta yangu?

Chuma chenyewe ni ngumu kukiharibu. Data ndo unaharibu, na unaharibu kabla hata ya kubuti, wakati wa dd, amri ya kunakili moja kwa moja kwenye diski. Mimi nilitaka kuandika kwenye fleshi, nikaandika sdb kama kawaida, siku hiyo fleshi ilikuwa sdc na sdb ilikuwa diski ya bamdogo yenye video za harusi. Sitaki kueleza zaidi. Kila mara piga lsblk ikuorodheshee diski, soma ukubwa, ndo ubonyeze enta. Linus mwenyewe alishawahi kukusudia modemu akaipigia diski simu, akaharibu Minix yake, OS aliyokuwa anatumia, ndo akaamua ahamie Linux moja kwa moja. Bamdogo hana Linux ya kuhamia.

Testi za otomatiki zinawezekana kwa OS au mpaka nikae naangalia?

Zinawezekana na bila hizo utakuwa unajenga huku ukuta wa nyuma unaanguka. Gawa mara mbili. Vitu ambavyo ni akili tupu, bitimapu, orodha, kuchambua FAT, printf yako, vikompaili kama programu ya kawaida ya Linux uvitesti hukohuko na kikagua makosa cha kompaila kikiwa kimewashwa. Ni haraka na GDB, zana ya kufuatilia makosa, inafanya kazi bila kuhangaika.

Vinavyogusa chuma, buti QEMU bila skrini na kifaa cha isa-debug-exit. Kerneli ikimaliza testi inaandika namba kwenye poti ya hicho kifaa na QEMU inajifunga na kurudisha kodi ya kutoka, ila jua inazidisha mara mbili na kuongeza moja, ukiandika 0x10 utapata 33, kwa hiyo huwezi kupata sifuri, kubali kwamba 33 ndo kufaulu. Weka na kikomo cha muda, maana kerneli iliyoganda haiwezi kukuambia imeganda. Skripti yangu inabuti na RAM ya MB 16, 128 na 4 GB, na prosesa moja na nne. Ile ya MB 16 inashika bagi nyingi kuliko zingine zote, kerneli inaishiwa kumbukumbu na hapo ndo unajua kama ulikuwa unaangalia malloc imerudisha nini.

Afu kuna testi ambayo sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa: umeme. Acha OS iandike mafaili mfululizo, skripti iue QEMU kwa kill -9 muda wowote wa kubahatisha, ibuti tena, ikague diski. Rudia usiku kucha. Haiigi kila kitu, diski halisi ina kumbukumbu yake ya ndani ambayo nayo inapotea, lakini inaonyesha kama mpangilio wako wa kuandika una akili. Kwenye FAT andika data kwanza, halafu mnyororo wa FAT, halafu ndo jina kwenye folda. Ukikatwa katikati unapoteza nafasi kidogo tu ya diski. Ukigeuza, ukaanza na jina, unabaki na faili lenye jina zuri na ndani mna vipande vya faili la mtu mwingine.

Nikitesti sana nitakuwa na uhakika haina kosa?

Hapana. Kuna kerneli moja, seL4, mwaka 2009 watafiti wake walithibitisha kihesabu kwamba kodi inafuata maelezo yake. Kodi ya C ilikuwa kama mistari 8,700, uthibitisho ulikuwa kama mistari 200,000. Sisi tutaendelea na skripti.

WiFi?

Sahau kwa sasa. Anza na kadi za mtandao ambazo QEMU inaziigiza na maelezo yake yapo wazi, RTL8139 au e1000. Ukipata jibu la ping kutoka kwenye kodi yako mwenyewe utalala na tabasamu.

Itaendesha WhatsApp?

Mkuu.

Naweza kuiweka kwa Kiswahili?

Weka, na ni rahisi kuliko lugha nyingi, maana sisi hatuna herufi zenye nukta juu wala mikia, hata ng' ni alama ya kawaida iliyoko kwenye kila kibodi. Fonti ya biti 8 kwa 16 yenye herufi 256 ni baiti 4096, yaani peji moja kamili, na Kiswahili chote kinaingia humo. Kerneli yangu ikifa inasema "NIMEKWAMA", inataja namba ya kosa, anwani, na orodha ya funksheni zilizoitwa mpaka kufika pale. Mdogo wangu alipoiona mara ya kwanza akaiuliza "pole, wapi?" na jibu lilikuwa mstari wa chini yake.

Itanichukua muda gani?

Kuprinti neno, wikiendi moja. Intarapti na kibodi, wiki kadhaa. Peji na tasiki, miezi. Programu ya nje inayoitwa kutoka kwenye diski na kukimbia ikiwa haina mamlaka ya kerneli, mwaka kama una kazi na familia. Ukitaka kuona kitu kizima kwanza kabla hujaanza, soma kodi ya xv6, OS ndogo ya MIT, imeandikwa kwa ajili ya wanafunzi na inasomeka yote.

Nimekwama, nikuulizeje ili nisaidike?

Tuma logi ya seriali kuanzia kubuti, sio mistari mitatu ya mwisho. Tuma kosa la kwanza la -d int lenye pc na CR2, na addr2line imesema mstari gani. Sema ni kitu gani ulibadilisha toka mara ya mwisho ilipofanya kazi, kama hujui basi anza kutumia git leo. Sema kama ni QEMU au mashine halisi, BIOS au UEFI. Picha ya skrini nyeusi uliyopiga kwa simu usitume, ninazo nyingi.